Mwaka Nilioandika "Rangi Nzuri"

Bi Thuwaiba kazikwa Alkhamisi asubuhi, na Alkhamisi hiyo hiyo, baada ya laasiri, binti yangu kajifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa hivyo wiki ile nilikuwa na safari mbili tu hapa Maskati, azaa Ghubra, matanga ya marehemu, na wodi ya uzazi, na nguo nilizozivaa huku nikaenda nazo kule, maana nyumba yangu iko Bawshar na foleni za njia ile hazimhurumii mfiwa wala mzazi. Ukumbini kwa marehemu wanawake walikuwa wamekaa wameegemea ukuta pande zote nne, misahafu mikononi, na katikati mabirika ya kahawa, tende na bakuli la maji ya kunawia vidole. Nyuma yangu wawili walikuwa wakimsema marehemu kwa sauti ya chini, wakidhani sisikii. Mmoja alisema Bi Thuwaiba alikuwa na ulimi mkali kuliko sindano zake. Wa pili akasema ni kweli, lakini yeye hamjui hata mtu mmoja aliyeharibiwa na ulimi ule, na waliotengenezwa nao ni wengi. Nilitaka kugeuka nichangie. Ndipo mwanamke aliyekuwa akigawa kahawa akasimama mbele yangu, akanitazama mpaka nikaona haya. "Wewe si Asma?" aliniuliza. "Asma wa rangi nzuri?"

Mimi nimestaafu na cheo changu, manesi niliowafundisha siwezi kuwahisabu, na nyumbani nina sahani za shukrani mpaka zimekosa pa kutundikwa. Na mwanamke huyu ananijua kwa maneno mawili niliyoyaandika nilipokuwa na miaka ishirini na tatu. Haki yake. Alikuwa Zuwena wa Sidab, tumepoteana miaka mingi, na maneno yale niliyaandika kwenye faili la mwanawe. Nilisimama nikamkumbatia, kikombe chake kikanimwagikia, tukakaa chini pamoja kama watoto wa chuoni. Lakini hata nikiwa nimemshika mkono, moyo wangu ulikuwa umesharudi mwaka ule, kwenye chumba cha manesi chenye harufu ya dettol na chapati za mtu aliyeleta chakula cha mchana mapema.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na ulikuwa mwaka wa kwanza wa Bi Thuwaiba kukaa kwenye kiti cha metroni. Kabla yake kiti kile kilikuwa hakijakaliwa na mtu wa rangi yake. Alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, anavaa sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na alikuwa hajipaki usoni kitu chochote. Sisi wasichana tuliokuwa tukinunua mikebe ya krimu za weupe sokoni Ruwi tulikuwa tukimwonea ajabu. Ofisi alipewa, tena yenye zulia, lakini akila chakula cha mchana chumbani kwetu, baina ya manesi wa Kihindi na wafagiaji, wali wake na samaki wake kwenye mkebe wa bati. Na alikuwa na swali lake moja. Ukimwambia mgonjwa wa kitanda cha nne hajambo leo, anakuuliza, "Umejuaje?" Ukimwambia mashine imeharibika, umejuaje? Aliliuliza kwa Kiswahili kwetu sisi, kwa Kiarabu kwa wengine na kwa Kiingereza kwa Wahindi, kwa sauti ile ile, bila ya hasira, na akakungoja. Tulikuwa tukimwigiza akiondoka. Mmoja wetu akisema njaa inamuuma, wote tunamrukia, umejuaje? Tulicheka sana mwaka ule, mpaka akazaliwa Rahma.

Zuwena alikuja kuzaa akiandamana na mama mkwe wake, Bi Zayana, mwanamke mnene wa maneno mengi aliyelelewa Unguja na kurudi kuolewa Sidab. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, ndiye Rahma, akalia vizuri. Na Bi Zayana akafanya lile ambalo kila nyumba yetu inafanya, nyumba yangu pia, na nyumba yako kama wewe ni wa kwetu usijitie huijui: akamgeuza mtoto, akamtazama masikio. Mtoto mchanga rangi yake haijulikani, wazee wanasema, itazame ncha ya sikio, rangi ya pale ndiyo atakayoikulia. Masikio ya Rahma yalikuwa meusi. Bi Zayana akamfunika, akasema Mungu ndiye mpaji, kwa sauti ya mtu aliyepewa nusu ya alichoomba. Zuwena alikuwa amelala kitandani na alisikia. Nami nilisikia, na sikuona kuwa kimesemwa kitu.

Siku ya pili mtoto akaanza kung'aa. Uso ukawa na nuru, mashavu yakawa maji ya kunde, na kifua vile vile. Nilipoingia na mafaili yangu nilimkuta Bi Zayana amefurahi, amekata halwa, amewagawia vitanda vyote. Kumbe masikio yamesema uwongo, alisema, mtoto anatoka mweupe, kamfuata babu yake mzaa baba. Nilipewa kipande cha halwa kwenye karatasi. Nikamtazama mtoto, nikasema mashaallah, na nilisema kwa moyo mmoja, maana na mimi nililelewa katika maneno hayo. Kwenye fomu ya ruhusa ya kutoka, mstari wa sita, palikuwa na neno "Rangi" na nafasi ya kujaza. Nikajaza: rangi nzuri. Ukutani nyuma yangu lilikuwa bango la kutuonesha mtoto mwenye ugonjwa wa manjano anavyokuwa, watoto sita wamepangwa kutoka mzima mpaka mgonjwa sana, na wote sita walikuwa weupe kama waliotolewa kwenye unga. Nililitazama kila siku. Halikunifundisha kitu juu ya mtoto kama Rahma, wala sikupata kujiuliza kwa nini. Nikatia saini, wakaenda zao Sidab.

Walimrudisha siku ya nne, saa tatu za asubuhi. Mtoto alikuwa amelegea, hanyonyi tangu jana yake, na kilio chake kilikuwa chembamba, cha juu, kilio ambacho ukishakisikia mara moja hukisahau tena. Wakamchoma kisigino, damu ikapelekwa, na majibu yaliporudi daktari alikimbia. Wakamtia chini ya taa za buluu huku wanatayarisha kumbadilisha damu. Ule weupe haukuwa weupe. Ilikuwa manjano imepanda mwilini tangu siku ya pili, na sisi tukaipokea kwa halwa.

Bi Thuwaiba aliniita ofisini kwake. Ndiyo mara ya kwanza kukanyaga lile zulia. Faili lilikuwa wazi mbele yake, kidole chake kiko mstari wa sita, na kabla hajauliza nilishajua atakachouliza. Nilimjibu kuwa nilimtazama. Akaniuliza niliona nini. Nikasema nilimwona mweupe.

"Na ungemwona mweusi," alisema, "ungeandika nini?"

Mimi mwenyewe ni mweusi, mama yangu mweusi, nimekulia katika ngozi ile nikidhani naijua kuliko Mhindi au Mfilipino yeyote aliyekuja kufanya kazi hapa, na kumbe nilikuwa nikimtazama mtoto wa kwetu kwa jicho la bango na kumsifu kwa ulimi wa shangazi zangu. Nililia mbele yake, kilio kibaya cha kamasi. Hakunibembeleza. Alinisogezea mkebe wa tishu, akaendelea kusoma faili tangu ukurasa wa kwanza, na nilipomaliza kulia alikuwa amefika mwisho.

Rahma alikaa hospitali siku tisa. Alipona, alinyonya, akaanza kushika kidole. Daktari alisema masikio yatajulikana baadaye, maana ugonjwa ule ukipanda sana hula kusikia. Na katika siku hizo tisa nilisikia mengi nikiwa nachemsha chai kwenye kijichumba cha jiko letu, ambako ukuta ni wa mbao na upande wa pili madaktari hukaa kupumzika. Nilisikia kuwa kamati ya mipango ya hospitali itakutana. Nilisikia kuwa jambo ni dogo, nesi mchanga kakosea, aandikiwe barua aende zake na ukurasa ufungwe. Mmoja akasema ni Wazinjibari, ndivyo wanavyotuita sisi wenye asili ya Unguja, wenyewe kwa wenyewe, metroni wao atajua la kumfanya. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na ubaya na mtu, ambacho ndicho kinachouma zaidi. Nilijua kuwa nikiondoka, bango litabaki, na mstari wa sita utabaki, na atakuja msichana mwengine kama mimi. Sikulijua hilo kwa akili yangu. Alinifundisha Bi Thuwaiba ndani ya gari, siku aliyonipeleka Sidab.

Alisema tunakwenda kula. Nikadhani anatania. Tulishuka kwenye ule mji mdogo uliokaa baina ya milima na maji, tukapita vichochoro mpaka nyumbani kwa Bi Zayana, chumba cha mbele chenye mikeka miwili na kabati la vyombo vya harusi. Zuwena alikuwa ameshatoka hospitali na mtoto. Wakatuwekea wali, samaki wa kupaka, ndimu na pilipili, na sikuweza kumeza hata tonge. Bi Thuwaiba alikula akashiba, akanawa, ndipo akaniambia sema. Nikasema. Nikawaambia kuwa ni mimi niliyeandika rangi nzuri, kuwa mtoto alikuwa mgonjwa siku ile ile, kuwa nilitazama nikaona uzuri. Zuwena alimbana mtoto kifuani bila ya kunitazama. Nilingoja kutukanwa, na ningeshukuru. Lakini aliyesema alikuwa Bi Zayana, na sauti yake ya maneno mengi ilikuwa imekwisha.

"Basi na mimi niandikeni," alisema. "Nlikuwa namshukuru Mungu kwa maradhi."

Zuwena akainua kichwa, akamtazama mama mkwe wake muda mrefu. Kisha akaniambia mimi nile, chakula kinapoa. Katika gari tukirudi tukapita Maskati ya zamani. Ndipo Bi Thuwaiba akasema kuwa nikifukuzwa mimi, kila mtu ataridhika, na ndiyo maana hatakubali nifukuzwe. Kosa langu si langu peke yangu, limefundishwa majumbani mwetu na limepigwa chapa kwenye fomu. Tena akaniambia nitafute watoto watatu wa siku mbili, wa rangi tatu, na mama zao niwaombe ruhusa kwa adabu.

Siku ya kamati nilikaa nje mlangoni mpaka nikaitwa. Walikuwa saba mezani: daktari mkuu mwenyekiti, madaktari watatu, mhandisi wa mipango, mwandishi, na Bi Thuwaiba, mwanamke peke yake. Barua yangu ilikuwa imeshaandikwa, niliiona pale, inangoja saini. Bi Thuwaiba alikuwa ameomba kanuni moja, kuwa kila mtoto apimwe damu kabla ya kutoka, na daktari mkuu alikuwa akimjibu kwa upole, kwa Kiarabu kizuri, kuwa metroni asilete mambo ya rangi hapa. Sisi nchi hii hatuna weusi wala weupe, alisema, sote Waislamu, sote ndugu, na kuliingiza jambo hilo kwenye kanuni za hospitali ni kufungua mlango wa fitina. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Nami nilitikisa kichwa moyoni, kwa sababu yalikuwa maneno mazuri. Bi Thuwaiba alimsikiliza mpaka mwisho. "Daktari," alisema, "rangi imo kwenye fomu yako, mstari wa sita. Mimi nimekuja kuitoa."

Akawaomba wasimame. Tukenda nao wodini, wazee wale na makoti yao, kwenye vitanda vitatu vilivyopangwa karibu na dirisha. Mama wa kwanza alikuwa mweupe wa Nizwa, wa pili Mbaluchi, wa tatu msichana wa kwetu, mweusi kama mimi. Kila mjumbe akapewa kipande cha karatasi aandike, bila ya kumwonesha mwenzake, yupi mgonjwa na yupi mzima. Majibu ya damu yalikuwa kwenye bahasha, nimeibeba mimi, na hakuna aliyeifungua. Walitazama. Walibonyeza ngozi kwa kidole, walifunua macho, walirudi mara ya pili. Daktari mkuu alivaa miwani. Na yeye Bi Thuwaiba akachukua karatasi yake, akainama juu ya kila mtoto, akafunua ufizi kama alivyofundishwa na wakunga wa zamani, akaandika.

Tukarudi mezani, nikafungua bahasha, nikasoma. Mtoto wa Nizwa, aliyekuwa na wekundu wa kuonekana, hakuwa na kitu. Mbaluchi alikuwa na manjano kidogo, si ya kutisha. Mtoto wa kwetu alikuwa nayo ya kulazwa chini ya taa siku ile ile. Kila mmoja alikuwa ameshika karatasi yake kwa chini, kama mwanafunzi asiyetaka kuisoma. Bi Thuwaiba akafungua ya kwake wa kwanza. "Wa tatu mzima," alisoma. Akaiweka mezani, akaigeuza waione wote. "Nimekosea. Nna miaka thelathini katika kazi hii, na mtoto yule ni rangi yangu, na nimekosea. Sasa nani hapa jicho lake nilitegemee?"

Hakuna aliyesoma ya kwake. Daktari mkuu aliikunja yake mara nne, akaitia mfukoni, na nampa sifa yake mpaka leo, kwa kuwa hakutafuta neno la kujitetea. Alivuta barua yangu akaipasua, akamwambia mwandishi aandike kanuni kama metroni alivyoisema: kila mtoto, wa kila mtu, apimwe kabla hajatoka, na mstari wa sita ufutwe, pawekwe nafasi ya namba. Lakini Bi Thuwaiba alikuwa hajamaliza. Akamgeukia mhandisi wa mipango, akamuuliza mama wa Sidab asiye na gari atamrudishaje mtoto siku ya tatu. Mhandisi akasema hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akaulizwa siku ile, na kabla ya mwaka kwisha palikuwa na gari la nesi linalokwenda Sidab kila asubuhi, na chumba kimoja chenye mizani na kitanda. Nesi wa kwanza wa gari lile nilikuwa mimi. Hakunipa kama zawadi, alinipa kama adabu, na sijapata kupenda kazi kama nilivyoipenda ile. Nilipita nyumba kwa nyumba na kipimo changu, nikila kila mahala, na Bi Zayana ndiye aliyekuwa akinitangulia milangoni, akiwaambia wanawake wasitazame masikio, wamlete mtoto apimwe. Bango tulilibandua mimi na yeye Bi Thuwaiba. Palibaki alama nne za gundi, na hakuweka kitu kingine mahala pale. Fomu yetu hospitali nyengine zikaja kuiomba, moja baada ya moja, na alipokuja kupandishwa cheo cha kusimamia mafunzo ya manesi wote, nilicheka peke yangu nikifikiri ni wasichana wangapi sasa wataulizwa umejuaje.

Hayo yote tuliyakumbushana na Zuwena pale azaa, sauti chini, watu wanasoma Yasini. Nikamuuliza Rahma, nikiogopa kuuliza. Akaniambia sikio lake la kushoto ni dhaifu, la kulia zima, na anasomesha skuli, na wanafunzi wake wakitaka kunong'ona hukaa kushoto kwake. Anajua, akasema, anawaachia. Tulicheka mpaka mmoja akatugeukia. Nilimwambia mjukuu wangu atatoka keshokutwa, nitamleta amwone.

Jumamosi asubuhi nikaenda kuwachukua. Mkwe mwenzangu, mama yake mume wa binti yangu, alikuwa ameshafika, na mtoto mapajani, na wallahi alikuwa akimtazama masikio. "Tazama, katoka mweupe," aliniambia, na mtoto alikuwa anang'aa kweli, na mimi, mimi niliyebandua bango kwa mikono yangu, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema mashaallah. Akaingia nesi msichana, wa huko Rustaq kwa lafudhi yake, na kipimo kidogo mkononi. Nikamwambia kwa Kiarabu asijisumbue, mtoto hana kitu, mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi. Nilitaka twende nyumbani, gari linangoja.

Hakuniinulia hata kichwa. "Umejuaje, ummi?" aliniuliza kwa upole, akiniita mama yake, akangoja.

Nikakaa. Nikamuuliza nani kamfundisha kuuliza hivyo. Akasema ndivyo wanavyouliza wote, akanitajia jina la mwalimu wake, na mwalimu huyo simjui, wala msichana mwenyewe hamjui Bi Thuwaiba. Akaweka kipimo kwenye paji la uso la mjukuu wangu, namba ikatoka, akaitazama mara mbili, kisha akamchoma kisigino apate uhakika. Ilikuwa juu. Si ya kukimbia, ya taa tu. Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa amelala uchi chini ya buluu, amefungwa kitambaa machoni, ananyonya ngumi yake, na mkwe mwenzangu analia na kuniuliza kama atapona. Nikamwambia atapona, na mara hii nilijua kwa namba. Jumatatu alitoka mzima.

Jioni ile ya Jumamosi, siku ya mwisho ya azaa, nilifika Ghubra nimechelewa. Zuwena alikuwa amenishikia nafasi. Nikamnong'oneza kuwa nimekosea tena, mjukuu wangu mwenyewe, jicho lile lile, na kuwa msichana wa Rustaq kanizuia mlangoni. Alinitazama, kisha akageuka kuutazama ukumbi uliojaa wanawake waliokuja kwa Bi Thuwaiba, akanitilia kahawa.

"Kosea tu, shoga yangu," aliniambia. "Siku hizi haharibiki mtoto."